Kuoanisha Barua Pepe na Kalenda za Ofisi Zenye Mifumo Tofauti: Mwongozo kwa Ofisi za Nyanda za Juu Kusini

Ofisi mbili zenye mifumo tofauti ya barua pepe zinaweza kuandikiana kwa miaka bila shida yoyote, mpaka siku zinapoanza kupangiana vikao. Barua inayoandikwa kwenye Outlook mjini Iringa na kusomwa kwenye Gmail mjini Mbeya husafiri kwa itifaki ya SMTP, ambayo kanuni zake ziliandikwa mwaka 1982 na ambayo mifumo yote inaifuata. Kalenda haikupata bahati hiyo. Muundo wa pamoja wa kuandika tukio la kalenda, unaoitwa iCalendar, ulichapishwa mwaka 1998 na kurekebishwa mwaka 2009, na itifaki ya kuzifanya kalenda zisomane kwenye seva (kompyuta kuu inayozitunza), yaani CalDAV, ilikuja mwaka 2007. Kufikia wakati huo Exchange, seva ya barua na kalenda ya Microsoft, ilikuwa sokoni tangu mwaka 1996, ikiwa na namna yake yenyewe ya kutunza vikao, na waliokwisha kujenga nyumba hawakuona sababu ya kuibomoa ili ifanane na ya jirani.

Kazi yangu ni kuhudumia kompyuta za ofisi ndogo kati ya Iringa, Mafinga, Mbeya na Tunduma: vyama vya ushirika, shule, ofisi za miradi, zahanati za mashirika ya dini. Miaka ya mwanzo nilipoteza muda mwingi nikijaribu kuzifanya kalenda mbili ziwe sawasawa, kila moja ikiandika ndani ya mwenzake. Siku hizi sifanyi hivyo. Hatua zifuatazo zinasimama juu ya msimamo mmoja, kwamba kila kikao kiwe na kalenda moja inayokimiliki, na kalenda nyingine zote ziwe wasomaji au waalikwa tu.

Hatua ya 1: Orodhesha kilichopo

Chukua daftari upite meza kwa meza. Kwa kila mtumishi andika anwani yake inaishia na nini, anasoma barua kwa programu gani kwenye kompyuta, kwa programu gani kwenye simu, na akaunti hiyo iliingizwa kwa njia gani, yaani kwa POP au kwa IMAP, itifaki mbili za kusoma barua zilizo kwenye seva, au kwa Exchange. Hilo la mwisho ndilo ambalo watu wengi hawalijui, lakini huonekana ukifungua mipangilio ya akaunti, kwa kuwa aina ya akaunti huandikwa kando ya anwani.

Utakuta ofisi ya watu kumi imechanganyika kuliko wanavyodhani wenyewe. Mkurugenzi ana iPhone, mhasibu ana Outlook ya zamani inayovuta barua kwa POP kutoka kwa kampuni iliyowatengenezea tovuti, maofisa wa shambani wanatumia Gmail zao binafsi kwenye simu za Android, na katibu muhtasi anaandika vikao vyote kwenye shajara ya mezani iliyotolewa na benki mwezi Desemba. Shajara hiyo isidharauliwe. Mara nyingi ndiyo pekee yenye saa sahihi, na utaihitaji utakapofika hatua ya majaribio.

Kujua mfumo wa ofisi mnayoshirikiana nayo hakuhitaji kupiga simu. Fungua dirisha la amri la Windows, andika nslookup -type=mx, acha nafasi, kisha andika kikoa chao, yaani maneno yanayofuata alama ya @ katika anwani zao. Jibu likitaja google.com, barua zao ziko Google. Likiishia na mail.protection.outlook.com, wako Microsoft 365. Likitaja kikoa chao wenyewe au cha kampuni ya tovuti, huenda ni seva ya barua tu ambayo haina kalenda kabisa. Anwani zinazoishia na go.tz ni za taasisi za umma. Hizo hutumia Mfumo wa Barua Pepe Serikalini unaosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, na mipangilio yake huwezi kuigusa wala hupaswi kuwaomba maofisa wa halmashauri waiguse. Kwao utarekebisha upande wako tu.

Hatua ya 2: Isome tofauti ya saa kabla ya kubadilisha chochote

Malalamiko mengi ninayoitiwa yanahusu kikao kilichoonekana kwa saa isiyo yake. Kabla ya kufungua mipangilio yoyote, uliza kikao kilipaswa kuonekana saa ngapi na kimeonekana saa ngapi, kisha toa. Jibu la hesabu hiyo karibu kila mara humtaja mkosaji.

Tofauti ikiwa saa sita, kosa halimo kwenye mifumo. Sisi huanza kuhesabu saa asubuhi jua linapochomoza, na kompyuta huanza usiku wa manane. Katibu aliyeambiwa kikao ni saa tatu asubuhi akaandika 3:00, kalenda humwelewa kuwa anataka saa tisa usiku, na wala haimuulizi kulikoni. Hilo angalau hugundulika mapema, kwa sababu kila mwalikwa hushangaa. Kosa baya zaidi ni saa nane mchana inayoandikwa 8:00, kwa kuwa 8:00 ni saa mbili asubuhi, wakati ambao kikao kinaweza kufanyika kweli. Hakuna anayeshtuka mpaka wageni kutoka nje wanapofika saa sita kabla ya wenyeji. Nimewahi kuwakuta wageni wa namna hiyo wamekaa kwenye benchi nje ya ofisi, asubuhi ya mwezi Julai, katika baridi ya Mafinga ambayo hawakuwa wameivalia, na mwaliko wao walikuwa wameusoma sawasawa kabisa.

Dawa yake ina sehemu mbili. Kwanza, badilisha kalenda na simu zote za ofisi zionyeshe saa kwa mtindo wa 24, ili 14:00 isiweze kuchanganywa na saa nyingine yoyote. Pili, mjiwekee utaratibu kwamba mstari wa kwanza wa maelezo ya kila mwaliko uandikwe wakati kwa maneno, kwa mfano "saa nane mchana, yaani 14:00, saa za Tanzania". Mstari huo utakuwa na faida nyingine katika hatua ya 5.

Tofauti ikiwa saa tatu, mkosaji ni mfumo uliopoteza saa za eneo. Tanzania iko mbele ya saa ya kimataifa ya UTC kwa saa tatu. Kikao cha 9:00 kikionekana kama 6:00, programu imesoma muda wa UTC bila kuugeuza. Kikionekana kama 12:00, muda wa hapa umechukuliwa kuwa ni wa UTC na kuongezewa saa tatu zisizostahili. Angalia kalenda iliyotoa tukio hilo, si iliyolipokea. Kwenye Google kumbuka kwamba kila kalenda ina saa zake za eneo, mbali na zile za akaunti nzima, kwa hiyo mtu anaweza kurekebisha mahali pamoja na kudhani amemaliza.

Tofauti ya saa moja ina wakosaji wawili. Wa kwanza ni mpaka. Zambia na Malawi ziko nyuma yetu kwa saa moja, na simu iliyoachwa ijipangie saa yenyewe, ikiwa Tunduma au Kasumulu, inaweza kunasa mtandao wa upande wa pili na kuhamisha kalenda yote. Ofisa wa forodha au wakala wa mizigo anayefanya kazi huko azime upangaji wa saa wa kujiendesha na achague Dar es Salaam au Nairobi kwa mkono wake. Mkosaji wa pili ni Ulaya, ambako saa husogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Ujerumani au Sweden ziko nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi, hivyo kikao cha kila wiki na wafadhili wa huko huhama kwa saa moja mara mbili kwa mwaka bila mtu yeyote kukigusa.

Katika jambo hili la pili hakuna mfumo ulioharibika. Kikao cha kujirudia hufuata saa za eneo zilizoandikwa kilipoundwa. Kikiundwa Minnesota, Marekani, saa 8:00 asubuhi kwa saa zao, Iringa kitaonekana 17:00 wakati wa baridi yao na 16:00 wakati wa kiangazi chao. Kikiundwa Iringa, sisi tutabaki palepale na wao ndio watakaohama. Amueni mapema nani ahame, kisha upande usiohama ndio uandike mwaliko. Mkiwa na wabia wa Ulaya na wa Marekani katika kikao kimoja, zingatieni kwamba Marekani husogeza saa Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo kuna majuma machache katikati ambayo hesabu zote za kawaida hukataa.

Jambo moja dogo la Windows nalo lisemwe hapa. Katika orodha yake ya saa za eneo hutaiona Dar es Salaam, na watu wasioiona huchagua mji wowote wenye +3. Chagua Nairobi. Waliochagua Moscow kwa sababu saa zinalingana wanasahau kwamba Urusi ilihamisha saa za Moscow mwaka 2011 na kuzirudisha mwaka 2014, na kompyuta zilizofungamanishwa na mji huo zilihama pamoja nao.

Hatua ya 3: Ondokeni kwenye POP

POP huishusha barua kutoka kwenye seva na kuileta kwenye kompyuta moja, na kwa mipangilio ya kawaida ya Outlook nakala ya kwenye seva hufutwa baada ya siku 14. Mtu mwenye kompyuta na simu hujikuta na visanduku viwili visivyofanana. Mwaliko uliokubaliwa kwenye kompyuta hubaki kwenye simu ukisubiri jibu, naye hujibu mara ya pili, wakati mwingine kinyume cha alivyojibu mwanzo.

Kabla ya kubadilisha, nakili faili la Outlook lenye kiambishi .pst kwenye diski ya nje. Ongeza akaunti ileile kwa mara ya pili kama IMAP, inayoziacha barua kwenye seva, bila kuifuta ya POP, kisha hamisha makabrasha machache machache kutoka ya zamani kwenda mpya. Kazi hiyo hupandisha barua zote kwenye seva, kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba kisanduku cha kwenye seva kina nafasi ya kutosha, na usiifanye kwa bando la simu. Iache usiku mahali penye intaneti ya kudumu. Ukishaziona barua zote kupitia tovuti ya seva, ndipo uiondoe akaunti ya POP.

IMAP hubeba barua peke yake. Haibebi kalenda wala orodha ya anwani. Ukiweka akaunti ya IMAP kwenye Outlook utaona kalenda imejitokeza chini ya jina la akaunti hiyo, na kando yake yameandikwa maneno yenye maana ya "kwenye kompyuta hii pekee". Maneno hayo ni ya kweli. Nimekuta ofisi iliyokuwa ikiandika vikao humo kwa mwaka mzima ikiamini kwamba bosi anaviona kwenye simu yake, na bosi kwa upande wake aliamini kwamba katibu haandiki.

Hatua ya 4: Ichagulieni kalenda nyumba moja

Kama ofisi inalipia Microsoft 365 au huduma ya Google ya ofisi, nyumba mnayo tayari na hamna haja ya kuongeza nyingine. Kama mna seva ya barua tu, mnaweza kusimika Nextcloud, programu ya kuendesha seva yenu wenyewe, ambayo ni bure na huzungumza CalDAV, au mfungue kalenda ya Google kwa jina la ofisi. Kwa ofisi isiyo na mtu wa Tehama wa kudumu, mimi hushauri huduma ya kulipia badala ya seva ya ndani, kwa sababu seva iliyowekwa kwenye kona ya stoo haivumilii umeme unaokatika na hakuna wa kuikumbuka mpaka izime.

Ukishachagua, angalia nani anaweza kuingia katika nyumba hiyo bila mkalimani. iPhone husoma CalDAV yenyewe, na Thunderbird, programu ya barua ya kompyuta, pia. Android haisomi CalDAV mpaka uiwekee programu kama DAVx5. Outlook ya kawaida ya Windows haisomi CalDAV pasipo kiongezi, na kilichonifaa mimi ni CalDav Synchronizer, ambacho hakiuzwi. Upande mwingine, seva ya Exchange haizungumzi CalDAV, kwa hiyo anayetumia Thunderbird na kutaka kalenda yake iliyoko Exchange anaweza kutumia DavMail, programu inayokaa katikati na kutafsiri.

Kuna ushauri wa zamani unaozunguka ambao haufanyi kazi tena. Kuiingiza Gmail binafsi kwenye simu kana kwamba ni akaunti ya Exchange kulikomeshwa kwa vifaa vipya mwezi Januari 2013. Vilevile, tangu tarehe 30 Mei 2022 akaunti binafsi za Google hazipokei programu zinazoingia kwa nenosiri la kawaida peke yake, na Microsoft ilianza kuzima uingiaji wa namna hiyo kwenye Exchange yake ya mtandaoni tarehe 1 Oktoba 2022. Ukiona Outlook ya zamani inakataa nenosiri ambalo una hakika ni sahihi, usilibadilishe mara tano. Programu yenyewe ndiyo isiyojua lugha mpya ya mlangoni, na inahitaji toleo jipya.

Kwa wale wanaohitaji kusoma tu, toa kiungo cha kalenda chenye kiambishi .ics. Hapa pana mtego. Mpokeaji akikipakua na kukiingiza, anapata picha ya siku hiyo, na vikao vitakavyobadilika baadaye havitamfikia kamwe. Anapaswa kujiandikisha kwa kubandika kiungo chenyewe katika sehemu ya kuongeza kalenda kwa anwani ya mtandao. Hata akijiandikisha, Google inaweza kukaa saa nyingi, pengine siku nzima, kabla ya kukisoma upya, kwa hiyo njia hii inafaa kwa ratiba ya muhula au ya mafunzo ya wakulima, na haifai kwa kikao kilichoahirishwa leo asubuhi. Kiungo cha siri cha kalenda nacho ni siri kweli, kwani yeyote aliyenacho anasoma kila kitu bila kuulizwa nenosiri.

Zahanati na ofisi za ushauri ziwe na tahadhari ya ziada. Kalenda yenye majina ya wagonjwa ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na zipo huduma za mtandaoni zinazoahidi kusawazisha kalenda zote bure ilimradi uzipe ruhusa ya kusoma kila kitu. Sizitumii.

Hatua ya 5: Itengeneze mialiko inayofika ikiwa imevunjika

Mwaliko unaofika ukiwa na kiambatisho kinachoitwa winmail.dat, ambacho hakifunguki, umetoka Outlook ukiwa katika muundo wa maandishi ambao Microsoft pekee inauelewa. Anayepaswa kutengeneza ni mtumaji. Katika mipangilio ya barua ya Outlook kuna sehemu inayoamua barua zinazokwenda nje kwenye intaneti zigeuzwe kuwa za namna gani, ichaguliwe HTML. Kama ofisi ina Exchange yake, msimamizi anaweza kuuzima muundo huo kwa vikoa vyote vya nje mara moja, na jambo likaisha kwa wote. Mtumaji akiwa ni mtu usiyeweza kumwagiza, mwombe aandike tarehe na saa ndani ya barua yenyewe. Ndiyo sababu ya ule mstari wa kwanza niliousema katika hatua ya 2: hata mwaliko ukivunjika vipande, mstari unabaki. Kwa ofisi za go.tz huo ndio utaratibu ninaoutegemea, pamoja na barua rasmi yenye kumbukumbu namba, na sitarajii jibu la kubonyeza.

Tatizo la pili ni kufowadi. Mwaliko wa kalenda hubeba ndani yake jina la mwandalizi, orodha ya waalikwa na namba ya utambulisho ya tukio. Mtu asiye kwenye orodha akiupokea kutoka kwa mwenzake na kubonyeza kukubali, jibu lake humwendea mwandalizi ambaye hamtambui, na mifumo mingine hulitupa kimyakimya. Baadaye kikao kikihamishwa, taarifa haimfikii. Anayetaka kumwongeza mtu amwombe mwandalizi amwongeze. Hali ni hiyohiyo kwa anwani za kikundi kama ile ya kamati nzima: kalenda ya mpokeaji inatafuta anwani yake kwenye orodha, inakuta ya kikundi, na haijui kama mwaliko ni wake. Kati ya mifumo tofauti, alika watu kwa anwani zao mmojammoja, hata kama ni ishirini.

Mwaliko ukipotelea kwenye kapu la barua taka, chunguza rekodi za kikoa chenu za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba seva iliyotuma inaruhusiwa kutuma kwa jina lenu. Tangu Februari 2024 Google inamtaka kila mtumaji awe na angalau moja ya hizo. Ofisi zilizohamia Microsoft au Google na kuacha rekodi inayotaja seva ya kampuni ya zamani ya tovuti ndizo zinazoumia zaidi.

Kuna na kasoro ndogo inayotuhusu wenye lugha hii. Kichwa cha mkutano wa wafugaji wa ng'ombe kikifika kimeandikwa ngâ€™ombe, alama ya ng' iliandikwa kwa mkato uliopinda ambao Word huuweka wenyewe, ikatumwa kwa usimbaji (namna ya kompyuta kuandika herufi) wa UTF-8, na upande wa pili ukasomwa kwa usimbaji wa zamani wa Windows. Weka UTF-8 pande zote mbili, au katika vichwa vya mialiko tumia mkato ulionyooka.

Hatua ya 6: Vikao vya kujirudia na siku nzima

Kikao cha kila Jumatatu ni tukio moja lenye kanuni, si matukio hamsini na mawili. Ukibadilisha Jumatatu moja tu, mfumo huandika tukio la pembeni linalosema kwamba siku hiyo inatofautiana, na hapo ndipo mifumo tofauti huachana: mmoja unaonyesha vikao viwili, mwingine haujabadilika, wa tatu umefuta mfululizo wote. Baina ya ofisi zenye mifumo tofauti, andika mfululizo mfupi wa robo mwaka, wenye tarehe ya mwisho. Siku moja ikibadilika, futa siku hiyo pekee na utume mwaliko mpya unaojitegemea.

Matukio ya siku nzima yana ugonjwa wao. Exchange huyatunza kama muda unaoanza usiku wa manane wa eneo fulani na kuisha usiku wa manane unaofuata. Sikukuu ya Nane Nane iliyoandikwa hivyo Mbeya, ikisomwa na mtu aliye Lusaka, huanza saa tano usiku wa tarehe 7 na kuchafua siku mbili. Mkiwa na wenzenu ng'ambo ya mpaka, andikeni shughuli yenye saa za kuanza na kumalizika, kwa mfano 8:00 hadi 18:00, badala ya siku nzima.

Hatua ya 7: Ondoa matukio yaliyorudufika bila kuwashtua wengine

Tukio lililoonekana mara mbili au tatu kwa kawaida limeingia kwa njia mbili: akaunti imeunganishwa moja kwa moja, na wakati huohuo programu ya kusawazisha au faili lililoingizwa zamani nalo lipo. Usianze kufuta. Ukiwa mwandalizi, kufuta kunaweza kumtumia kila mwalikwa taarifa kwamba kikao kimefutwa, na nimewahi kuona watu wa wilaya tatu wakigeuza magari kwa sababu ya usafi wa namna hiyo. Zima kwanza usawazishaji wote isipokuwa ule wa nyumba mliyoichagua. Toa nakala ya kalenda katika faili la .ics na uihifadhi. Kisha tazama kama matukio ya ziada yamo katika kalenda yenye jina lake mwenyewe upande wa kushoto wa skrini. Yakiwamo, iondoe kalenda hiyo yote kwenye kifaa badala ya kufuta tukio mojamoja. Yanayobaki ndiyo utayafuta kwa mkono, na ukiulizwa kama utume taarifa, kataa.

Hatua ya 8: Jaribu kwa mialiko minne

Tafuta mtu mmoja wa upande wa pili aliye tayari kukaa nawe kwenye simu kwa nusu saa. Mtumie mwaliko wa kikao kimoja cha kawaida, wa mfululizo wa wiki tatu ambao utaibadilisha wiki ya pili, wa siku nzima, na wa kikao ambacho utakifuta baada ya yeye kukubali. Kwa kila mmoja asome kwa sauti anachokiona kwenye kompyuta na kwenye simu, nawe ulinganishe na shajara ya katibu. Kisha yeye akutumie minne kama hiyo, kwa sababu njia ya kwenda na ya kurudi hazifanani: Outlook kwenda Google inaweza kuwa safi, na kurudi ikawa na kasoro.

Hatua ya 9: Funga kalenda ya zamani

Kalenda iliyoachwa isiondolewe siku hiyohiyo. Ondoa ruhusa ya kuandika kwa kila mtu, iache isomeke, na ibadilishe jina lianze na neno ZAMANI ili katibu asikosee akiwa na haraka. Hamisha kwa mkono vikao vya mbele tu, na vya nyuma uviache kwenye faili la .ics ulilolitunza. Ikifika mwisho wa robo mwaka, na hakuna aliyeifungua kutafuta kitu, iondoe kwenye kompyuta na simu zote, ukianza na ya mkurugenzi, ambayo kwa uzoefu wangu ndiyo yenye akaunti nyingi zilizosahaulika.